Baridi yabisi inapofika shingoni: namna ya kuomba, kupiga na kusoma picha kabla neva hazijaumia

Mama mmoja wa Katuba aliletwa na binti yake apigwe radio ya mikono (radio ndivyo tunavyoiita eksirei hapa Lubumbashi). Vidole vilikuwa vimekwenda upande, kama vya watu wengi walioishi na baridi yabisi miaka mingi. Nilipokuwa namwekea kiganja sawa juu ya meza, akaniambia kwa sauti ya kuomba radhi kwamba siku hizi vikombe vinamponyoka, na beseni la makala (makaa) hawezi tena kulitua peke yake. Binti akaongeza kuwa shingo ilishapigwa picha mahali pengine, ikasemekana ni nzima. Bahasha walikuwa nayo. Ndani mlikuwa na picha moja tu, ya mbele, kichwa kimenyooka.

Tulimpigia simu daktari aliyemtuma. Akakubali tupige ya ubavu: kwanza kichwa kikiwa wima, na picha ile tukamwonyesha daktari huyo, kisha mama mwenyewe ainamishe kidevu. Kichwa kikiwa wima, uwazi kati ya pingili ya kwanza ya shingo na jino la pingili ya pili ulikuwa milimita 3. Alipoinama ukawa milimita 9. "Mwanangu," akasema, "umeme umenipita mgongoni mpaka miguuni." Nikamwambia arudishe kichwa polepole. Siku ile hakurudi nyumbani kwa moto (pikipiki).

Tangu hapo nimekuwa nikiwaeleza wauguzi wapya, mateknisia wenzangu na familia za wagonjwa jambo lilelile: kwa mtu mwenye baridi yabisi ya muda mrefu, picha moja ya shingo iliyonyooka haiwezi kusema shingo ni nzima. Hapa chini nimeandika njia yote, kuanzia dalili mpaka majibu.

Kwanza, jua ni kitu gani kinachovunjika

Pingili ya kwanza ya shingo ni pete. Pingili ya pili ina jino linalopanda juu na kuingia ndani ya pete hiyo, na kichwa kinageuka kulia na kushoto kwa kulizunguka jino hilo. Kinachozuia jino lisirudi nyuma ni kano moja ngumu inayolipita kwa nyuma kama mkanda. Nyuma ya mkanda huo unapita ugwe, yaani ule uzi mnene wa neva unaoshuka kutoka kwenye ubongo.

Madaktari wa mifupa wana kanuni rahisi ya kukumbuka nafasi hii. Tundu la pete, kutoka mbele kwenda nyuma, lina kama sentimita 3: moja ni ya jino, moja ni ya ugwe, moja ni nafasi tupu. Sentimita hiyo tupu ndiyo akiba yote aliyo nayo mgonjwa.

Baridi yabisi hushambulia utando laini unaofunika maungio kwa ndani. Kila mtu anauona ukivimba kwenye vidole na magoti, lakini pale jino linapogusana na pete pana utando uleule. Unavimba, unageuka nyama nene inayokula mfupa, na mkanda unalegea au unakatika. Mgonjwa akiinama, pete inateleza mbele pamoja na kichwa, jino linabaki nyuma, na ugwe unabanwa katikati. Akiinua kichwa, pete inarudi mahali pake. Ndiyo maana picha ya kichwa kilichonyooka inadanganya.

Hatua ya 1: Sikiliza mikono na miguu, usisikilize shingo peke yake

Maumivu ya kisogo yanayopanda nyuma ya kichwa ni dalili nzuri ya kuanzia, hasa yakizidi mgonjwa anapoinama kuchuja unga au kufua. Lakini wako watu ambao pete yao imeteleza na hawasikii maumivu makubwa. Uliza haya:

Je, vidole vinakosea kufunga vifungo, kuhesabu noti, kushika sindano? Je, miguu imekuwa migumu, anakwaruza kandambili, anashika ukuta usiku? Je, akiinama anasikia umeme ukishuka mgongoni au mikononi? Je, mkojo unamtoka au unakataa kutoka?

Ugumu wa kazi hii uko hapa: mgonjwa wa baridi yabisi ana sababu nyingine tele za kushindwa kushika kitu. Vidole vimepinda, viwiko haviendi, magoti yanauma. Familia husema "ni ile rimatisma yake, na baridi hii ya mwezi wa sita," na daktari mwenye foleni ndefu naye husema hivyo hivyo. Kipimo cha kufungua na kufunga ngumi kwa sekunde 10, ambapo mtu mzima mwenye ugwe salama hufikisha mara 20 au zaidi, kwake hakisaidii sana kwa sababu maungio yenyewe yamekufa. Mimi naamini zaidi mabadiliko. Kama mwezi wa tatu alikuwa anasonga bukari (ugali) mwenyewe na mwezi wa tano hawezi, na vidole havijavimba kuliko zamani, tafuta shingoni. Daktari atapima pia refleksi, yaani jinsi kiungo kinavyoruka chenyewe kikigongwa. Goti linaloruka kupita kiasi kwa mtu mwenye mikono dhaifu ni ishara kwamba tatizo liko juu, kwenye ugwe.

Ganzi ya kidole gumba na viwili vinavyofuata, inayomwamsha usiku, mara nyingi ni neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono, nayo ni ya kawaida sana kwa wagonjwa hawa. Radio ya shingo haiwezi kuionyesha. Ila kuwa nayo hakumzuii mtu kuwa na ya shingo pia.

Hatua ya 2: Linda shingo kabla ya picha

Hakuna mzigo kichwani: si beseni, si ndoo, si gunia la makala. Hakuna kuvutwa wala kuzungushwa shingo na mtu yeyote, awe mkandaji wa mtaani au mtaalamu wa mazoezi ambaye hajaona picha. Najua jinsi mkandaji anavyoheshimiwa katika familia zetu, na kwa misuli iliyochoka mkono wake unafaa. Kwa shingo hii mvuto mmoja unaweza kumlaza mtu moja kwa moja.

Aliyepoteza mkojo ghafla, au ambaye miguu imelegea ndani ya siku chache, hasubiri zamu ya radio ya wiki ijayo. Anapelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: Andika ombi linaloeleweka

Karatasi yenye maneno "radio ya shingo" itamletea mgonjwa picha ya mbele na ya ubavu, kichwa kimenyooka, basi. Mwombe daktari aandike: shingo, profili (ubavu) wima, profili ya kuinamisha kichwa, profili ya kuinua kichwa, na picha ya kinywa wazi. Kisha mstari mmoja wa historia: baridi yabisi tangu mwaka fulani, mikono dhaifu tangu mwezi fulani, tunatafuta kuteleza kwa pingili ya kwanza juu ya pili. Mstari huo ndio unaomwambia teknisia aangalie wapi, na ndio unaomzuia kuishika shingo ile kama nyingine yoyote.

Hatua ya 4: Kupiga picha

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo kazi yangu na ndipo makosa mengi yanapotokea.

Ondoa hereni, mkufu, pini na mawigi. Mesh (nywele za bandia za kusukia) zilizofungwa fundo kisogoni huacha kivuli juu ya pingili ya kwanza, palepale tunapotaka kuona. Mama akiona haya, mpe kitambaa chepesi ajifunike. Mwanamke wa umri wa kuzaa aulizwe kama ana mimba, kwa faragha, si mbele ya shemeji.

Akae au asimame ubavu kwa mashine, mabega yakiwa chini. Weka umbali wa sentimita 180 kati ya taa na filamu. Ukikaribia mno, mifupa inakuzwa na vipimo vyote vinaharibika. Picha ianzie chini ya fuvu hadi pingili ya saba ikutane na ya kwanza ya kifua. Ikikatika kwenye ya tano, irudie.

Piga wima kwanza, na uitazame. Kama uwazi tayari ni mkubwa, au mgonjwa ana miguu dhaifu, simama hapo uongee na daktari kabla ya kuendelea. Kama mgonjwa alianguka au alipata ajali, usimwinamishe hata kidogo. Huyo anahitaji skaneri (CT scan).

Kuinama kufanywe na mgonjwa mwenyewe, akiwa macho, kwa nguvu zake tu. Usimsukume kisogo ili "picha itoke vizuri". Mwambie: "Mama, peleka kidevu kifuani taratibu, ukisikia umeme au ganzi simama hapohapo." Anapoishia ndipo picha inapopigwa.

Kinywa wazi ni kwa ajili ya kuona jino kutoka mbele, na kama pete imehamia pembeni. Wagonjwa wa baridi yabisi wana taya gumu pia, hivyo wengine hawafungui vya kutosha. Usiwalazimishe.

Hatua ya 5: Kupima kwa rula

Kipimo cha kwanza ni uwazi wa mbele: kutoka nyuma ya upinde wa mbele wa pete mpaka uso wa mbele wa jino. Kwa mtu mzima usizidi milimita 3, hata akiinama. Kwa mtoto milimita 5 bado ni kawaida. Ukifika 9 au 10, wapasuaji wengi huanza kuzungumzia kufunga pingili.

Kipimo cha pili ni nafasi ya nyuma: kutoka nyuma ya jino hadi upinde wa nyuma wa pete. Kama ningepewa namba moja tu ningechagua hii, kwa sababu inapima nyumba ya ugwe wenyewe. Ikiwa milimita 14 au pungufu, ugwe uko hatarini hata kama mgonjwa anatembea na kucheka. Kwa mama yule wa Katuba ilikuwa 13 alipoinama.

Sasa onyo linalowapata hata waliozoea. Ugonjwa ukiendelea kula mifupa ya pembeni, fuvu na pete hushuka, na jino hupanda kuelekea tundu la chini ya fuvu, ambako ubongo hukutana na ugwe. Likipanda hivyo, uwazi wa mbele hupungua. Mtu anaweza kulinganisha picha ya mwaka jana, milimita 8, na ya mwaka huu, milimita 4, akafurahi kwamba dawa zimefanya kazi, kumbe hali imekuwa mbaya mara mbili. Kila uwazi unapopungua, pima pia urefu.

Urefu hupimwa hivi. Chora mstari kutoka ukingo wa nyuma wa kaakaa gumu hadi sehemu ya chini kabisa ya mfupa wa kisogo. Ncha ya jino isiupite mstari huo kwa zaidi ya milimita 4.5. Mara nyingi ncha imeliwa na huioni. Basi pima kutoka katikati ya ukingo wa chini wa pingili ya pili kwenda juu mpaka kwenye mstari. Chini ya milimita 34 kwa mwanamume au 29 kwa mwanamke, fuvu limeshuka.

Halafu shuka macho. Migongo ya pingili za tatu hadi saba inapaswa kufuata mstari laini uliopinda kidogo. Kwa baridi yabisi utaona wakati mwingine kila moja imeteleza kidogo juu ya mwenzake, kama ngazi. Hatua moja ikizidi milimita 3.5, hapo hapashiki.

Jambo dogo lenye madhara makubwa: filamu zetu nyingi za kidijitali huchapwa zikiwa zimepunguzwa ili picha mbili zikae kwenye karatasi moja. Rula ya kawaida juu ya picha hiyo inasema uongo. Tafuta mstari wa kipimo ulio ukingoni na upigie hesabu kwa huo, au omba vipimo vifanywe kwenye kompyuta. Na ile picha ya simu, filamu ikiwa imeegeshwa kwenye dirisha na kutumwa kwa WhatsApp, inafaa kuomba ushauri tu. Usipime milimita juu yake.

Hatua ya 6: Skaneri au IRM?

Skaneri inaona mfupa: jino lililoliwa, pete iliyovunjika, njia ya skrubu kwa mpasuaji. Ni ya haraka, na ndiyo ya kwanza baada ya kuanguka.

IRM, ile mashine ya sumaku (MRI kwa Kiingereza), ndiyo pekee inayoonyesha ugwe vizuri. Tunatafuta mambo matatu. La kwanza ni ile nyama nene inayozunguka jino, ambayo radio haioni kabisa na ambayo wakati mwingine huiba nafasi nyingi kuliko mfupa ulioteleza. La pili ni ugwe uliobanwa na kung'aa kwa ndani kwenye picha zile ambazo maji huonekana meupe. Mng'ao huo maana yake ugwe umeanza kuumia. La tatu ni pembe kati ya shina la ubongo na ugwe: ikiwa chini ya nyuzi 135, jino linausukuma kutoka mbele.

Mgonjwa hulala chali ndani ya IRM, shingo imenyooka, kwa hiyo nayo inaweza kuficha mtelezo. Picha za IRM zisomwe pamoja na radio za kuinama, zikiwa ndani ya bahasha moja. Kabla ya kuingia, sema kama una kifaa cha moyo, kipande cha risasi mwilini au chuma cha upasuaji wa zamani.

Kuna familia zinazovuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda Zambia kutafuta kipimo hiki au mpasuaji. Kwa safari hiyo, chagueni gari badala ya moto, kiti kirefu chenye mahali pa kuegemeza kichwa, na dereva anayekubali kupunguza mwendo kwenye mashimo. Kola ya shingo inasaidia kwa kumkumbusha mgonjwa na walio karibu naye, ila haiizuii pete kuteleza. Asijione yuko salama kwa kuivaa.

Hatua ya 7: Usiite kila kitu baridi yabisi

Kwetu, miguu ikilegea na mgongo ukiuma, kifua kikuu cha uti wa mgongo lazima kifikiriwe. Kwenye picha hula pingili mbili jirani pamoja na diski iliyo kati yake, mara nyingi kifuani au kiunoni, na huacha usaha pembeni na kibyongo. Kinaweza pia kushika shingo juu kabisa na kuitelezesha pete vilevile. Tazama kivuli cha nyama laini mbele ya pingili, nyuma ya koo. Kikiwa kinene, na mgonjwa anatoka jasho usiku na kukonda, vipimo vya kifua kikuu vifanyike kwanza, tena kwa haraka zaidi ikiwa anatumia dawa zinazopunguza kinga.

Konzo ni jambo jingine. Daktari Trolli aliieleza mwaka 1938 huko Kwango, kusini-magharibi mwa nchi yetu ya Kongo: miguu yote miwili inakakamaa ghafla kwa watu wanaoishi kwa muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha. Pingili za hao ziko mahali pake, na IRM kwa kawaida haionyeshi kitu kinachobana.

Hatua ya 8: Mgongo uliogeuka mwanzi

Upo ugonjwa mwingine wa uvimbe wa maungio (kwa Kifaransa spondylarthrite ankylosante), unaoanza kwa vijana kwa maumivu ya kiuno yanayowaamsha alfajiri na kupungua wakitembea. Kwa Waafrika ni adimu kuliko kwa Wazungu, kwa sehemu kwa sababu alama ya damu inayouandama, HLA-B27, ni chache kwetu. Lakini upo, na tunauona umechelewa: pingili zimeungana, na kwenye picha mgongo unafanana na mwanzi.

Mwanzi huvunjika. Mtu huyu akiteleza bafuni tu, akaanza maumivu mapya, mchukulie kuwa amevunjika mpaka skaneri ya uti wote ikanushe. Mara nyingi ni chini ya shingo, pingili ya tano hadi saba, na radio hukosa kwa sababu mabega yanafunika. Msibebeni huku mkimnyoosha. Kama shingo yake imezoea kuinama mbele, iacheni hivyo na mjaze mito chini ya kichwa; kumlaza tambarare na kumfunga kola ya kawaida kunaweza kufungua mvunjiko na kukata ugwe. Akidhoofika saa chache baadaye, damu inaweza kuwa imekusanyika ndani ya tundu la uti wa mgongo, na hiyo ni IRM ya dharura.

Wachache, baada ya miaka mingi, hupata ganzi ya makalio na kushindwa kuzuia mkojo. IRM ya kiuno huonyesha mfuko wa neva uliopanuka na kuula mfupa kwa ndani.

Hatua ya 9: Majibu yakitoka

Madaktari hupanga wagonjwa wa baridi yabisi ya shingo hivi: wa kwanza hana upungufu wa neva, wa pili anasikia udhaifu na refleksi zimezidi, wa tatu udhaifu unaonekana, akigawanyika kati ya anayetembea na asiyetembea. Asiyetembea tena hupona kwa shida hata akipasuliwa vizuri. Ndiyo maana mpasuaji aonwe mapema, wakati mgonjwa bado anakuja kwa miguu yake.

Shingo isiyobana bado inatibiwa kwa kuuzima ugonjwa wenyewe. Dawa inayotumika zaidi ni metotreksati, na humezwa MARA MOJA KWA WIKI pamoja na asidi ya foliki siku nyingine. Kuimeza kila siku kunaweza kuua. Andikeni siku yenyewe kwenye boksi: "Jumapili". Wanaopanga mimba waongee na daktari kwanza. Vidonge vya deksametazone vinavyouzwa sokoni kwa kumi-kumi huondoa maumivu na kunenepesha mashavu, huku vikilainisha mfupa uleule tunaojaribu kuuokoa. Lakini aliyevizoea asiviache ghafla. Daktari avipunguze kidogo kidogo.

Radio za kuinama zirudiwe kila daktari anapoagiza, na mapema zaidi dalili zikibadilika. Za zamani zitunzwe. Zisikae juu ya kabati lenye jua wala zisitumike kufunika dirisha.

Kisha kuna usingizi wa upasuaji, ambao wengi husahau kwa sababu upasuaji wenyewe ni wa goti au wa uzazi. Ili kuingiza mpira wa kupumulia, daktari wa usingizi huikunja shingo ya mgonjwa aliyelala bila nguvu ya kujizuia. Ni lazima ajue kabla. Binti wa yule mama alikata kipande cha karatasi ngumu, akaandika kwa Kifaransa upande mmoja na kwa Kiswahili upande wa pili: "Pingili ya kwanza inateleza, milimita 9. Msikunje shingo." Ameibandika nyuma ya kadi ya mpiga kura ya mama yake, kwa kuwa ndiyo kitu cha kwanza wanachoomba mapokezi.